Sitara ya Bati, Si Dari Bandia

Nimeletewa hati ya ujenzi wa nyumba za walimu hapa Tarbaj, Wajir, imetafsiriwa kwa Kiswahili chenye mbwembwe nyingi, na katika orodha ya vifaa pameandikwa: "dari bandia ya metali". Bandia! Bandia ni noti iliyochapishwa kichochoroni, ni cheti cha kununua. Bati lililopigiliwa misumari juu ya kichwa changu halimdanganyi mtu yeyote. Aliyeandika hivyo aliitazama istilahi ya Kiingereza, "metal false ceiling", akatoa neno akaweka neno, akaenda kulala.

Wastaarabu wataniambia niridhike na "dari" tupu, maana imo kamusini. Siridhiki. Dari ni neno la nyumba za mawe za Lamu, Mombasa na Unguja: boriti za mikoko zimelazwa ukuta hadi ukuta, juu yake mawe ya matumbawe, kisha chokaa ikapondwa mpaka ikashika. Urefu wa boriti ndio ulioamua upana wa chumba, ndiyo maana vyumba vile ni virefu na vyembamba. Watu hupanda darini, hukaa darini, huanika darini. Hata katika nyumba ya makuti, darini ni mahali pa kuweka vitu. Kwa hiyo dari hubeba. Sasa mpandishe paka mnene juu ya bati la geji 30, ambalo unene wake haufiki nusu ya milimita, uone atakavyoingia sebuleni.

Wako walioandika "sakafu ya juu", na hapo asili ya neno inawaumbua. Kiarabu kina saqf, yaani paa, kilicho juu ya chumba. Kisomali kimelichukua likabaki huko huko juu: saqaf. Kiswahili kimelichukua likashuka miguuni: sakafu. Naamini chanzo ni ile nyumba ya ghorofa ya pwani, ambamo kilicho juu ya kichwa cha aliye chini ndicho kilicho chini ya nyayo za aliye juu, na Mswahili akalibakiza neno kwa anayekanyaga. Matokeo yake, fundi wa Tarbaj akisema saqaf na mwenzake wa Mombasa akasikia sakafu, mmoja atasimamisha ngazi na mwingine atakoroga saruji.

Kisha wapo mahodari wa viambishi, waliotaka "kipaa cha ndani", eti paa dogo. Hawakumuuliza mwezeka makuti hata mmoja. Kipaa tayari kina kazi: ni upande mmoja wa paa lenye mteremko, kipo kipaa cha mbele na kipo cha nyuma. Kukiingiza ndani ya nyumba ni kukipora kiti chake.

Mimi nasema sitara. Neno hili lina ukoo mpana: sitiri, stara, sitirika, msitiri, yote ya shina moja la Kiarabu lenye maana ya kufunika na kuhifadhi. Twasema nguo ni sitara, twaomba Mungu atusitiri. Msomali naye ana asturan kwa mtu aliyejistiri, kwa hiyo hapa kwetu neno haliji kama mgeni. Mama wa Tarbaj analielewa kabla hujamaliza kulitamka. Na ndiyo kazi hasa ya kitu chenyewe: hakibebi, kinasitiri. Kinasitiri kenchi, nyaya, viota na popo, na kinamsitiri mwenye nyumba na joto la paa. Herio, nyumba ya mfugaji anayehamahama, haikuwa na haja ya neno hili, kwani fito zimepindwa, mikeka imefunika, na paa na ukuta ni kitu kimoja. Mapaa ya mabati yaliyojipanga kando ya barabara ya kutoka Wajir kwenda Elwak na Mandera ndiyo yaliyoileta haja.

Pendekezo hili niliwahi kulipeleka kwa jopo ambalo sitalitaja. Nikajibiwa kwamba sitara lina "harufu ya maadili kupita kiasi". Ajabu ni kwamba wanaoikwepa harufu hiyo ndio wanaotukaba kwa tarakilishi, ilhali kila mtoto anasema kompyuta.

Nitaambiwa mafundi wanasema silingi, basi yaishe. Ni kweli wanasema. "Mwalimu, hii silingi ya bati nianzie wapi?" ndivyo fundi alivyoniuliza, mdomo umejaa misumari. Simlaumu, na sokoni nami husema hivyo hivyo. Lakini silingi ni tasa, haizai kitenzi. Sitara inazaa: chumba kinasitiriwa, kinasitirika.

Kuhusu bati sina ugomvi. Vitabu vya sayansi hulitumia kwa ile metali laini inayopakwa makopo. Fundi hulitumia kwa karatasi ya chuma iliyopakwa zinki, ufundi uliopatiwa hataza Ufaransa mwaka 1837. Hata zile sitara za bati za Marekani za karne ya 19, zilizopigwa chapa ya maua na kupakwa rangi nyeupe ili zionekane plasta, nyingi zilikuwa chuma. Hizo, nikikazwa sana, ndizo ningekubali ziitwe za kuigiza. Mtaa umeshinda: bati ni bati.

Matumizi, kwa ufupi: sitara ya bati hailiwi na mchwa, haishiki moto, haivimbi paa likivuja kama ifanyavyo jipsamu. Ikiwa mpya na inang'aa hupunguza joto linaloshuka kutoka paani, mradi pawe na nafasi na matundu ya hewa. Vumbi likitanda, faida hiyo hufifia. Jioni ikipoa hualika, mvua ikinyesha hailazi kelele zote, na waya ukichubuka bati zima hushika umeme, basi fundi wa stima alifunge waya wa kwenda ardhini.

Katiba ya Kenya ya 2010 imekifanya Kiswahili lugha rasmi, na hati za zabuni zitazidi kutafsiriwa. Mtafsiri mwenzangu, ukifika kwenye kipengele hicho usilisubiri jopo. Andika "sitara ya bati", weka geji na vipimo, kisha endelea na madirisha.