Baada ya Fungu la Mwisho

Deni likiisha, mshahara hauongezeki. Zile pesa zilizokuwa zikienda kwa mkopeshaji ndizo zinazobaki mkononi. Mwezi huo wa kwanza ndio wa hatari kuliko mingine yote. Mtu aliyekula ugali na sukuma mwaka mzima ili amalize mkopo huona sasa ana haki ya kupumua, naye hupumua kwa nyama choma, kwa simu mpya, kwa mkopo mwingine mdogo wa kuongezea. Miezi michache baadaye yuko pale pale alipoanzia. Sisemi hivi kumlaumu. Nasema kwamba mila mbalimbali zimelitafakari jambo hili kwa kina kuliko tunavyodhani, na tukizilinganisha tutaona kwa nini kubana matumizi humshinda mtu aliye peke yake na huwezekana kwa aliye na wenzake.

Nianzie Gatongora, wadi ya Ruiru huko Kiambu, Kenya, iliyo kando ya barabara ya Thika, kwenye mitaa kama Kimbo na Matangi. Ruiru ilikuwa nchi ya mashamba makubwa ya kahawa. Leo mengi yamekatwa vipande vya futi 50 kwa 100, na juu yake zimejengwa nyumba za kupangisha. Novemba 2012 Rais Mwai Kibaki alifungua rasmi barabara kuu mpya ya Thika, na wapangaji wakazidi kumiminika. Mwezi huo huo ikazinduliwa M-Shwari, mkopo wa simu wa siku 30 kwa ada ya asilimia 7.5. Januari 2019 ikafuata Fuliza, inayomkopesha mtu pale pale salio linapomwishia akiwa analipa. Kwa hiyo kizazi kizima cha wapangaji kimeujua mji huu na mkopo wa simu kwa wakati mmoja. Kando ya mikopo hiyo kuna ule wa Sacco, yaani chama cha ushirika cha kuweka na kukopa, na kuna daftari la mwenye duka la mtaani, deni la zamani kuliko yote.

Tuseme ukweli kuhusu deni: pamoja na uchungu wake, lina nidhamu. Lina tarehe, lina kiasi, na lina mashahidi. Mkopo wa Sacco una wadhamini, na kila mdhamini anajua ukikosa kulipa ataguswa yeye. Sheria ya Ajira ya Kenya ya 2007 inakataza makato yote kuzidi theluthi mbili ya mshahara, na wako wafanyakazi wengi waliojifunza kuishi kwa theluthi moja ile iliyobaki. Fungu la mwisho likilipwa, vitu vitatu hivyo huondoka kwa siku moja. Hakuna tarehe tena, hakuna kiasi, hakuna anayeangalia. Swali la kuuliza mila yoyote, basi, ni hili: inaweka nini mahali pa nidhamu iliyoondoka?

Jibu la kwanza liko jikoni, na hapo mila zinakaribiana mno. Chukua githeri, chakula kikuu cha Kiambu na Murang'a. Mahindi makavu na maharagwe yaliyolowekwa usiku kucha hutaka saa mbili tatu motoni. Yasipolowekwa hula makaa mpaka nafuu yote ya chakula ihamie kwa muuza makaa. Ndiyo maana mitaani wako akina mama wanaochemsha githeri kwa sufuria kubwa na kuipima kwa kikombe: moto mmoja unahudumia nyumba nyingi. Mnunuzi akifika kwake anakaanga kitunguu na nyanya, anatia kabichi au viazi, na jioni imeisha vizuri. Wala si chakula cha kujinyima. Mahindi yana upungufu wa laisini, na maharagwe yanayo kwa wingi. Maharagwe yana upungufu wa methionini, na mahindi huujaziliza. Pwani wameyafikia mapatano hayo hayo kwa njia yao, kwa wali na maharagwe, na kwa mbaazi za nazi zinazoliwa na mahamri asubuhi. Wajapani wameyafikia kwa mchele na soya. Jiko la mnyonge, popote lilipo, limegundua kwamba nafaka na kunde zikikutana nyama inaweza kungoja.

Japani ndiko alikotoka mwalimu mmoja wa mambo haya ambaye Waswahili wengi hawajamsikia. Ninomiya Sontoku alizaliwa mwaka 1787 katika familia ya wakulima karibu na Odawara, akafiwa na wazazi akiwa bado kijana, akarudisha shamba la familia kidogo kidogo. Baadaye aliitwa kuinusuru nyumba ya ofisa mmoja wa eneo hilo, ukoo wa Hattori, iliyozama kwenye madeni. Kazi yake ilifika mpaka mekoni. Inasimuliwa kwamba aliwafundisha watumishi kukwangua masizi chini ya chungu ili moto ufike kwenye chakula, na kupanga kuni chache zilizogusana badala ya kuzirundika. Kuni walizookoa aliwalipa thamani yake. Hapo ndipo alipowapita wahubiri wengi wa kubana matumizi: aliyeokoa alikiona alichookoa, na kilikuwa chake. Kikapu kilichojazwa nguo kuukuu, ambamo baadhi ya wapishi wa Kenya hufunika sufuria ya maharagwe yaliyokwisha kuchemka ili yaive bila moto, ni ndugu wa chungu kile kisicho na masizi.

Jibu la pili liko dukani, na hapo mila zinaanza kuachana. Gatongora, kama mitaa mingi ya Kenya, huishi kwa uchumi wa kadogo: mafuta ya kupima, sukari ya kupima, unga wa nusu kilo, sabuni ya kipande. Kadogo humwezesha mwenye shilingi 50 kula leo, na hilo si jambo dogo. Lakini kwa kila kilo anayopata mwishowe, hulipa zaidi ya yule aliyenunua gunia. Ukiongeza daftari la duka juu yake, mnunuzi hawezi tena kuhama: atanunua kwa anayemdai, kwa bei ya anayemdai.

Wafumaji wa Rochdale, kaskazini mwa Uingereza, waliijua hali hiyo vizuri. Walikuwa wafanyakazi waliofungwa na mikopo ya madukani na kuuziwa vyakula vilivyochanganywa na takataka. Watu 28 wakachanga, na tarehe 21 Desemba 1844 wakafungua duka lao. Rafuni kulikuwa na siagi, sukari, unga wa ngano, unga wa oti na mishumaa michache. Kanuni yao ilikuwa kali: pesa taslimu tu, hakuna kukopesha. Faida ilirudishwa kwa wanachama kwa kadiri ya manunuzi ya kila mmoja, kwa hiyo aliyenunua chakula alikuwa anaweka akiba papo hapo. Vyama vya ushirika vya Kenya, Sacco zikiwemo, ni wajukuu wa fikra hiyo. Ila sisi tulichukua zaidi upande wake wa mkopo, tukausahau upande wa kapu la chakula. Tuna Sacco ya kukopea karo na ploti. Ni wachache walio na ushirika wa kununulia maharagwe.

Jibu la tatu ndilo zito zaidi: ziada iende wapi? Sontoku alianzisha mfuko wa kukopeshana bila riba. Mkopaji alirudisha alichochukua kwa mafungu, tuseme matano. Akiisha kulipa la tano, alilipa moja zaidi, la shukrani, ambalo liliingia mfukoni kumwinua mkopaji aliyefuata. Busara yake imo katika hesabu. Mtu ameshazoea kukaa bila kiasi kile. Mwili na jiko lake vimekwisha kukizoea. Basi fungu moja zaidi halimwumizi, na mazoea hayakatiki ghafla. Fungu la sita ndilo daraja kati ya maisha ya mdaiwa na maisha ya mtu huru.

Uislamu, uliolea fikra za uchumi za Pwani yetu kwa karne nyingi, una jambo linalofanana na hilo kwa namna ya kustaajabisha. Imepokewa kwamba Mtume Muhammad (S.A.W.) alikopa ngamia mdogo, akarudisha aliye bora kuliko huyo, na kusema kwamba mbora wa watu ni yule aliye mwema katika kulipa. Lakini wanazuoni waliweka mpaka ambao Odawara haikuuweka: nyongeza ikishartiwa mwanzoni ni riba, na riba ni haramu, ikitoka moyoni mwishoni ni ihsani. Hapo mila mbili zinatazamana. Ya Odawara inaigeuza shukrani kuwa desturi inayotarajiwa ili mfuko usife. Ya Pwani inailinda shukrani isigeuke mtego mpya wa mnyonge. Mimi naona tunazihitaji zote mbili, maana desturi isiyo na mpaka huwa kodi, na hiari isiyo na desturi husahaulika.

Tena Pwani inafundisha kiasi cha pande mbili. Israfu inakatazwa, na ubahili unakatazwa vile vile. Mwenye deni zito yumo katika makundi manane yanayostahili zaka; akijikwamua na mali yake ikifika nisabu, kiwango cha chini cha kutolea zaka, na kukaa mwaka, yeye mwenyewe anatoa sehemu ya arobaini. Mwisho wa Ramadhani hata mtu wa kipato kidogo, akiwa na cha kumtosha na kuzidi siku hiyo, hutoa pishi ya chakula kwa kila kichwa nyumbani kwake. Kwa mtazamo huo, kula kwa bei nafuu hakuna maana ya kumfungia jirani mlango.

Wakikuyu nao walikuwa na ngwatio, kazi ya kulimiana kwa zamu, na methali yao husema kikundi kidogo ndicho kinachoinua kinu. Katika miaka ya 1960 akina mama wa Kenya ya kati waliigeuza roho hiyo ikawa vikundi vya mabati: walichanga kwa zamu, wakaezekeana nyumba, nyasi zikatoka na mabati yakaingia, nyumba baada ya nyumba. Chama cha leo cha Gatongora kimezaliwa humo. Nguvu yake ni kwamba akiba inageuka kitu ambacho kila mchangaji anakiona kwa macho.

Hata hivyo kila mila ina dosari yake, na ni haki kuitaja. Japani ya baadaye ilimfanya Sontoku kijana wa sanamu, mzigo wa kuni mgongoni na kitabu mkononi, akasimamishwa kwenye viwanja vya shule kuwafundisha watoto utii na kuridhika. Ikafifia sehemu ya mafundisho yake iliyowauma wakubwa, kwamba bwana mwenyewe awekewe kikomo cha matumizi kabla ya mkulima kuambiwa afunge mkanda. Kanuni ya taslimu ya Rochdale ilimwacha nje yule asiye na senti leo. Pwani, ukarimu huo huo unaosifiwa umewatia watu wengi kwenye karamu wasizoziweza, na ndiyo maana tunaambiwa kukopa harusi, kulipa matanga. Kiambu nako, hamu ya ploti imewafanya wazazi wengine kupunguza maziwa ya mtoto ili kulipia kipande cha ardhi kitakachokaa miaka bila kujengwa. Kipimo changu cha uwekevu mwema ni sahani ya mdogo kabisa nyumbani: ikipungua, hatujaweka akiba, tumemkopa mtoto.

Nikizipima zote, naona ya Odawara ndiyo inayojibu swali letu moja kwa moja, kwa sababu ndiyo iliyoitazama siku ya baada ya deni kwa jina lake. Lakini katika Gatongora haiwezi kusimama bila nyingine. Hebu tuziunganishe. Chama cha watu kumi waliokwisha kulipa mikopo yao kinakubaliana kwamba kila mmoja alipe fungu moja zaidi, la kiasi kile kile, tarehe ile ile. Fungu hilo linunue mahindi na maharagwe kwa gunia la kilo 90 wakati wa mavuno, taslimu, badala ya kununua kwa gorogoro mwaka mzima. Mgao upimwe mbele ya wote. Sehemu ndogo itengwe kwa jirani aliyekwama, bila masharti. Na uangalifu uwepo: mahindi yawe makavu, unyevu usizidi asilimia 13.5, na magunia yasipitishe hewa. Mwaka 2004 sumu ya aflatoksini katika mahindi iliua watu 125 nchini, wengi wao huko Makueni na Kitui. Chakula cha bei nafuu kilichooza ni ghali kuliko kingine chochote.

Kuna watakaosema mshahara mdogo hautibiwi na githeri, kwamba shida ni kodi ya nyumba, nauli na bei ya unga. Wana haki, na madai hayo yapelekwe kwa mwajiri na serikali bila kuchoka. Ila mtu asiyedaiwa, mwenye gunia ndani na wenzake nyuma yake, huyadai kwa sauti kubwa kuliko anayengoja salio la kufuliza. Kwa hiyo nawasihi wanaokaribia kumaliza mikopo yao wasiingoje siku hiyo kimya. Wadhamini waliotia sahihi siku ya kukopa waitwe tena siku ya kumaliza, waketi, wale pamoja, na kabla hawajaondoka waandike fungu linalofuata litalipwa lini, kiasi gani, na kwa ajili ya nani.