Majaribio ya Picha za Usiku katika Nyika za Kilimanjaro na Meru

Picha za usiku za Mjerumani Carl Georg Schillings, alizozichapisha kitabuni mwaka 1905, husifiwa kama ushindi wa mtu mmoja na kamera yake. Insha hii inapinga sifa hiyo. Katika nyika za Umasai, chini ya Kilimanjaro na Meru, ng'ombe au punda hai alifungwa kuwa chambo. Simba alipomrukia aligusa uzi, unga wa magnesiamu ukawaka, na kamera ikanasa taswira papo hapo. Simba, kwa hakika, alijipiga picha mwenyewe. Lakini mabamba ya kioo, mazito na rahisi kuvunjika, yalisafirishwa na wapagazi kwa miguu. Bamba likivunjika njiani, jaribio la usiku mzima lilipotea.