Sheikh Abdulaziz al-Amawi: Kadhi na Mjumbe wa Dola ya Unguja

Kila izungumzwapo asili ya Kiswahili Sanifu, jina la Askofu Edward Steere hutangulia, na ni haki yake. Lakini nyuma ya kazi yake walikuwako wanazuoni wa Unguja. Mmoja wao, Sheikh Abdulaziz bin Abdulghani al-Amawi, astahili kutazamwa kwa maisha yake mwenyewe.

Sheikh alizaliwa Barawa katika miaka ya 1830, akaja Unguja, akasoma kwa Sheikh Muhyiddin al-Qahtani, aliyekuwa pia mtu wa Barawa. Angali kijana, Sayyid Said bin Sultan alimpa ukadhi wa Kilwa. Baadaye akawa kadhi wa Unguja. Watawala walikuwa Waibadhi, na raia wengi wa pwani Washafii; kwa hiyo dola iliweka makadhi wa madhehebu yote mawili. Kadhi wa Kishafii hakuamua ndoa na mirathi tu. Kwa raia, alikuwa uso wa dola; kwa mtawala, alikuwa sauti ya raia.

Ndiyo sababu ukadhi ulimwingiza katika siasa. Alitumwa kwa ujumbe Visiwa vya Ngazija na pande za Mto Ruvuma, ambako mkono wa Unguja ulikuwa mfupi, na heshima ya mwanachuoni yaweza kufika mahali ambapo askari hawafiki.

Steere alifika Unguja mwaka 1864. Watu hawa wawili walihojiana sana juu ya dini, wala hakuna aliyemgeuza mwenziwe. Hata hivyo Sheikh alijitolea kumfasiria Zaburi kutoka Kiarabu kwa Kiswahili bora. Kazi haikupita Zaburi ya 16. Katika utangulizi wa kitabu chake cha sarufi cha mwaka 1870, Steere alieleza sababu mbili: shughuli nyingi za Sheikh, na lugha yake kuwa ya kitaalamu mno kwa haja ya misheni.

Sababu hii ya pili yataka kufikiriwa. Haikuwa kwamba Kiswahili cha Sheikh kilikuwa na kasoro. Kilikuwa Kiswahili cha baraza la kadhi, kilichozoea hoja za sheria. Steere alitafuta lugha ya kufundishia watu wa kawaida. Mkutano wa Mombasa wa mwaka 1928 ulipochagua Kiunguja kiwe msingi wa lugha sanifu, njia iliyofuatwa ilikuwa imekwisha kusafishwa na vitabu vya misheni. Kamusi ya Kiswahili na Kiarabu aliyoianza Sheikh haikukamilika. Naye alifariki mwaka 1896.

Leo mtoto wa Keko asomaye Kiswahili shuleni hurithi uchaguzi huo. Umemfaa, maana lugha nyepesi husambaa upesi. Lakini wataalamu watafutapo istilahi za sheria na kudhani kwamba Kiswahili hakijapata kuzibeba, yafaa wakumbuke kwamba zamani palikuwa na kadhi aliyelaumiwa kwa kuwa nazo nyingi kupita kiasi.