Baada ya Nasuri Kuzibwa

Leo tunatazama jirani zetu wa Ethiopia. Mwaka 1959 daktari Catherine Hamlin na mumewe Reginald walifika Addis Ababa kutoka Australia. Waliwakuta wanawake wenye nasuri, yaani fistula. Uchungu ukikawia siku nyingi bila msaada, kichwa cha mtoto hubana nyama za mama hadi zife, tundu likatokea, na mkojo ukavuja mchana na usiku. Mwaka 1974 walifungua hospitali ya kuwatibu bure.

Wengi walipona. Lakini wako ambao tundu lilizibwa na mkojo bado ukatoka, kwa kuwa kibofu kilikuwa kimeharibika. Hao, jamani, ndio husahaulika. Kwa ajili yao kilijengwa kijiji cha Desta Mender, maana yake kijiji cha furaha, wapate makao na kazi. Mgonjwa mwingine, Mamitu Gashe, ambaye hakuwa amesoma, alianza kwa kutandika vitanda hospitalini, akaishia kuwashona wenzake nasuri.

Basi mama, ikiwa ulitibiwa na bado unavuja, rudi hospitali; hujalaaniwa. Ukishika mimba tena, nenda kliniki mapema, uwaambie ulishonwa nasuri, mpange kujifungua kwa upasuaji.