Manchester 1985: Kwa Nini Ule Mlango wa Bawani

Kila mwanafunzi wa uhudumu wa ndege aliyepita mikononi mwangu hapa Nairobi aliisikia habari ya Manchester siku ya kwanza, kabla sijamwonyesha hata namna ya kusukuma toroli la chai. Wengine walidhani nawatisha, na kweli nilikuwa nawatisha kidogo.

Tarehe 22 Agosti 1985, saa moja na ushei asubuhi, Boeing 737 ya British Airtours ilikuwa inashika kasi uwanjani Manchester, safari ya Corfu, na abiria 131 na wafanyakazi 6. Magurudumu yakiwa bado chini, ukasikika mshindo. Marubani wakadhani tairi limepasuka. Nahodha akasitisha kuruka, akamwambia msaidizi wake asikanyage breki kwa nguvu, agizo la busara kabisa kama kweli ni tairi. Kengele ya moto ililia sekunde chache baadaye. Ndege ikakata kona kulia kutoka kwenye njia ya kurukia, ikasimama. Upepo wa asubuhi hiyo ulikuwa wa kupepesa kanga kambani tu, lakini sasa ulitoka kushoto, kwenye injini iliyokuwa ikiwaka, ukausukumia moto ubavuni mwa ndege.

Wachunguzi wa Uingereza walitoa ripoti yao mwaka 1988. Injini ile ya Pratt & Whitney ina chemba tisa za kuchomea mafuta. Chemba namba 9 iliwahi kupata nyufa, ikalehemiwa mwaka 1983 na kurudishwa kazini. Ikapasuka tena, ikatoboa ganda la injini, na kipande chake kikapiga kifuniko cha tangi chini ya bawa, mahali dhaifu kuliko bati linalokizunguka. Mafuta yakamwagika juu ya moto. Marubani wa safari zilizotangulia walishaandika kitabuni kwamba injini ya kushoto inachelewa kuitikia. Mafundi wakarekebisha mtambo wa kudhibiti mafuta, na chemba hazikufunguliwa.

Hapo ndipo wanafunzi hudhani habari imekwisha. Injini kufa kabla ya kuruka ni jambo ambalo marubani hulifanyia mazoezi. Ndege hii ilisimama salama, gari la zimamoto likaifikia ndani ya nusu dakika, na bado watu 55 walikufa, wengi wao kwa moshi, si kwa miali. Wahudumu wawili wa nyuma walikuwa miongoni mwao.

Mlango wa mbele kulia ulikwama. Wa kushoto ulifunguka, lakini njia ya kuuendea ilipita kati ya kuta mbili zilizoachana sentimita 57. Watu wakabanana pale hadi mhudumu akaanza kuwavuta mmoja mmoja. Katikati, kwenye mlango wa dharura wa bawani, abiria wa kiti cha dirishani alivuta mkono wa kiti akidhani ndio wa mlango. Jirani yake alipoinuka akashika mpini wenyewe, kifuniko cha mlango huo, cha kilo 22, kilimwangukia yule wa dirishani mapajani, kikamnasa. Ilibidi mtu wa safu ya nyuma akinyanyue. Hesabu sekunde hizo ukiwa umebana pumzi.

Baadaye Profesa Helen Muir wa Cranfield aliweka watu wa kujitolea ndani ya ndege kuukuu ya Trident, akaahidi pauni 5 za ziada kwa nusu ya kwanza watakaotoka. Mimi naona huo ndio utafiti wa akili kuliko wote katika kazi yetu. Mazoezi ya zamani yalikuwa ya adabu, kila mtu anapisha mwenzake. Zikitajwa pauni 5, watu waliruka viti na kuziba njia kama Manchester.

Baada ya Manchester, nafasi ya safu ya mlango wa bawani ilipanuliwa, na anayekaa pale akaanza kuelezwa kazi yake kabla ya safari. Taa za sakafuni watu huzipa Manchester sifa yote, lakini Marekani ilikuwa imeshaziagiza kabla ya hapo. Kwenye 737 za kizazi kipya kifuniko cha mlango huo kina bawaba, kinajirusha chenyewe nje na juu. Wachunguzi walipendekeza pia abiria wapewe vifuniko vya kichwa vya kuzuia moshi. Wakubwa wa anga wakakataa, wakisema kuvivaa kutawachelewesha watu kutoka. Sisi wahudumu tunavyo.