Tabasamu lililopotea miaka 20

Wadau, mnaijua hii :-) bila shaka. Nukta pacha, kistari, mabano ya kufunga. Leo nimekutana na historia yake mtandaoni nikacheka peke yangu.

Mwaka 1982, Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon kule Pittsburgh, Marekani, walimu na wanafunzi walikuwa wakiandikiana kwenye ubao wa matangazo wa kompyuta. Likazuka swali la fizikia: lifti ikikatika kamba ikaporomoka, tone la zebaki lililomo ndani litakuwaje? Mmoja akaleta utani, akatangaza kwamba lifti moja pale chuoni imechafuka kwa zebaki na kuungua kidogo. Jamani, wapo walioamini! Maandishi hayana sauti wala jicho la kukonyeza.

Ikabidi itafutwe alama ya utani. Huyu akataka nyota, yule akataka alama ya asilimia. Tarehe 19 Septemba Scott Fahlman akaleta :-) kwa utani na :-( kwa yasiyo utani. (Ndiyo, hiyo ya kununa mwanzoni ilimaanisha "hapa sitanii".)

Hakuweka nakala. Alama ikazunguka dunia nzima, ujumbe wenyewe ukabaki umelala kwenye kanda za akiba za chuo, ambazo hata mashine ya kuzisoma ilikuwa imeshakuwa adimu. Mwaka 2002 watu wakazifukua kanda zile mpaka wakaupata. Mistari michache tu.

Mimi barua pepe zangu za chuo sina hata moja.