Omu Zilivyopanda Vilima vya Karagwe

Nyuma ya spika zinazouzwa Kayanga, Omurushaka au Nkwenda huandikwa namba mbili: wati na omu. Mnunuzi huuliza wati. Omu, yaani kipimo cha ukinzani, hana habari nazo mpaka siku amplifaya itakapotoa moshi. Si kosa lake. Kwa sehemu kubwa ya historia ya sauti ya umeme katika wilaya za Karagwe na Kyerwa, hesabu hiyo ilikuwa ikimalizwa kiwandani. Imemwangukia mwenye nyumba juzi tu, tena bila maelezo.

Kukuza sauti kwenyewe hakukuanza na umeme. Mpelelezi Mwingereza Speke alipofika Bweranyange, makao ya ufalme wa Karagwe, mwishoni mwa 1861, alikuta ngoma za mfalme Rumanyika zikilia mwezi unapoandama. Wanyambo, wenyeji wa Karagwe, na jirani zao wa falme za maziwa makuu walikuwa pia na makondere, pembe zinazopigwa kwa ubavu. Pembe huanza nyembamba mdomoni na kupanuka taratibu, hivyo mtikisiko mdogo wa midomo hukabidhiwa hewa kidogo kidogo badala ya kupotea hapohapo. Kanuni hiyohiyo ndiyo iliyokuja kutengeneza honi za chuma za karne ya 20.

Redio ndiyo iliyoleta umeme kwenye suala hili. Sauti ya Dar es Salaam ilianza kurusha matangazo mwaka 1951, na mwaka 1965 kukawa na Radio Tanzania Dar es Salaam. Baina ya miaka hiyo zilienea redio za transista, zinazoishi kwa betri za tochi. Kwa vijiji vya Kaisho au Nyaishozi, visivyo na nguzo hata moja ya umeme, hayo yalikuwa mapinduzi. Redio ya namna hiyo ilikuwa na spika moja ndani ya kasha, na mtengenezaji alikwishaipatanisha na saketi yake. Mwaka 1973 kampeni ya Mtu ni Afya ilikusanya takriban watu milioni 2 nchini katika vikundi vya kusikiliza, kila kikundi kikiizunguka redio yake. Aliyekaa nyuma alitega sikio. Hakuna aliyefikiria kuongeza spika ya pili, maana redio ile isingeimudu.

Wenye haja ya spika nyingi walikuwa makanisa, misikiti na mikutano ya hadhara, na hapa ndipo ninapoona ustadi mkubwa kuliko unaopatikana kwenye sabufa za leo. Chukua amplifaya za Ahuja za India, zinazofahamika sana Afrika Mashariki. Nyingi hutumia umeme wa kawaida na pia betri ya gari ya volti 12. Ukizigeuza nyuma utakuta skrubu zimepangwa mstari: COM, 4, 8, 16, kisha 70V na 100V. Ndani yake kuna transfoma yenye matoleo kadhaa, na kila skrubu ni mlango wa mzigo wake. Honi moja ya omu 16 hufungwa kwenye 16. Honi mbili za namna hiyo zikifungwa sambamba, chanya kwa chanya na hasi kwa hasi, huwa omu 8, na waya huhamishiwa kwenye 8.

Skrubu ya 100V iliwekwa kwa ajili ya masafa, na katika nchi ya vilima masafa ndiyo tatizo lenyewe. Tuseme honi imepandishwa kwenye mkaratusi mita 50 kutoka kanisani. Waya wa shaba wa milimita moja ya mraba, kwenda na kurudi, una ukinzani wa karibu omu 1.7. Kwa spika ya omu 4, karibu asilimia 30 ya nguvu huishia kuupasha waya moto. Honi ya wati 30 yenye transfoma ya volti 100 huonekana kwa amplifaya kama omu 333, na mbele ya namba hiyo omu 1.7 si kitu. Ndiyo maana honi kadhaa zaweza kufuatana kwenye waya mmoja mwembamba. Fundi hujumlisha wati zake tu, akichunga zisizidi za amplifaya.

Majumbani mambo yalikwenda kwa njia nyingine. Penye betri na sola, redio ya gari ilihamia sebuleni, ikachongewa kasha la mbao. Spika za magari huwa za omu 4 kwa sababu volti 12 ni chache. Ukiweka ya omu 8 utapata takriban nusu ya nguvu, lakini hutaunguza kitu. Kosa la upande huo husameheka.

Kosa la upande wa pili halisameheki, na lilikuja na nguzo za umeme. Mkoa wa Kagera, zilimo wilaya hizi, kwa miaka mingi umetegemea umeme kutoka Uganda, na Wakala wa Nishati Vijijini ulipoanza kazi mwaka 2007, waya zikaanza kusogea kuelekea vijijini. Sabufa za Kichina zikajaa madukani, na wenye baa wakazifungia spika za ziada. Spika mbili za omu 8 zikiwa sambamba ni omu 4. Nne ni omu 2, na mkondo unakuwa mara nne ya ule wa spika moja. Transista zilizopangiwa omu 4 huchemka hadi kupiga shoti. Spika nne hizohizo zikifungwa mbilimbili mfululizo, kisha jozi mbili zikawekwa sambamba, hurudi kuwa omu 8. Mita ikisoma 6 au 7 kwenye spika moja isikutishe: hupima waya wa koili ukiwa kimya, wakati ukinzani wa kazini hupanda na kushuka kufuatana na unene au wembamba wa sauti.

Ajabu ni kwamba honi za zamani sasa hutupwa kwa kisa kilekile kilichogeuzwa. Mtu huifunga honi ya volti 100 kwenye sabufa, inalia kama mbu, anasema imekufa. Fundi anayeijua hufungua kifuniko cha nyuma, hukata transfoma, na kuipima koili peke yake: mara nyingi nzima, omu 8 au 16.